PTH (homoni ya parathairoidi) thieta kwa mgonjwa wa dayalisisi: imeshuka zaidi ya 50% dakika ya 10, tufunge shingo au tuendelee kutafuta?

Sampuli_Zambarau

Habari za kazi wakuu. Naomba maoni ya wenzetu wa maabara, upasuaji na figo.

Mgonjwa yuko dayalisisi mara tatu kwa wiki kwa miaka mingi, kalsiamu na fosfeti ziko juu, dawa zimeshindwa. Mpango ulikuwa kutoa tezi tatu na nusu kati ya nne za parathairoidi zilizo shingoni. Tatu zimepatikana na zimetolewa. Ya nne, ya chini kushoto, haikuonekana mahali pake. Majibu ya PTH, kwa pg/ml, yalikuja hivi:

Kabla ya kukata ngozi: 1,840
Kabla tu ya kubana mishipa ya tezi ya mwisho: 2,310
Dakika 10 baada ya kuitoa: 742
Dakika 20: 468

Vitabu vinasema ikishuka zaidi ya 50% kufikia dakika ya 10, funga. Hapa imeshuka 68% ukihesabu kutoka ile ya juu kabisa. Lakini 468 bado ni zaidi ya mara saba ya kikomo chetu cha juu, ambacho ni 65. Je, hiyo ni tezi iliyobaki, au ni kwa sababu figo hazifanyi kazi? Na upande wa maabara kuna cha kurekebisha ili thieta wasisubiri dakika 40 kila sampuli?

---

Benchi_ya_Biokemia

Mkuu, anza na hesabu kabla ya kuilaumu mashine. Kigezo cha 50% kwa dakika 10 kilianzia Miami kwa daktari George Irvin, na kilitengenezwa kwa mgonjwa mwenye figo nzima ambaye tezi moja imeharibika, na nyingine tatu zimelazwa na kalsiamu iliyopanda. Ukiitoa ile moja, kwa muda hakuna anayezalisha homoni. Mgonjwa wa dayalisisi ana tezi nne zilizokua zote, na zote ziko kazini. Ukitoa tatu ukaacha ya nne nzima, PTH itashuka zaidi ya nusu bila shida. Kama zingekuwa zinazalisha sawasawa, ungebaki na robo. Sasa gawanya 468 kwa 1,840: unapata 25%. Najua tezi hazizalishi sawasawa, kwa hiyo huo si ushahidi wa kumfunga mtu, ila unatosha kumzuia mtu asifunge shingo.

Sasa suala la figo. PTH kamili ina asidi amino 84, na ikishaingia kwenye damu hupungua hadi nusu kwa dakika 2 hadi 4 hivi. Kwa kasi hiyo, dakika 20 ni vipindi vitano au zaidi, na kinachobaki ni kama asilimia 3 ya ulichoanza nacho. Shida ni kwamba mashine haisomi homoni kamili peke yake. Vipimo vingi vilivyoko kwenye maabara zetu ni vya kizazi cha pili: kingamwili moja inashika mkia wa homoni, nyingine inashika karibu na kichwa lakini si ncha yenyewe. Kwa hiyo vinahesabu pia vipande vilivyokwisha kukatwa kichwa, hasa kile cha 7-84. Kazi ya kuvitoa vipande hivyo mwilini ni ya figo. Figo zikifa vinarundikana, na vinaweza kufikia karibu nusu ya namba unayoisoma. Tezi ikitolewa, homoni kamili huondoka upesi, vipande vinajikokota nyuma. Vipimo vya kizazi cha tatu vinashika ncha ya kichwa, kwa hiyo havivihesabu, na namba zake kwa mgonjwa yuleyule huwa ndogo zaidi. Usichanganye vizazi viwili ndani ya upasuaji mmoja.

Kwa hiyo 468 ina maelezo mawili yanayowezekana: vipande vinavyoendelea kupungua, au tezi iliyobaki. Kutoka 742 hadi 468 ni kushuka 37% ndani ya dakika 10, maana yake mstari bado haujalala. Chukua ya dakika 30. Ikija 300 au chini ya hapo, bado inateremka. Ikija 450, imegota, na kitu kinachogota hivyo ni tezi.

Kuhusu kigezo, kwa wagonjwa wa figo wengi hawaridhiki na 50%. Husubiri dakika 20 na kudai kushuka kwa 80% au hata 90%, na hutazama namba ilikoishia, si asilimia tu. Hakuna kigezo kimoja ambacho wote wamekikubali. Nadhani namba ya mwisho ina uzito zaidi, kwa sababu asilimia inategemea ulianzia wapi, na kianzio chako kinaweza kudanganya. Ile 2,310 haikutoka kwa tezi tulivu: ni tezi iliyominywa na vidole wakati wa kuitenganisha. Ukihesabu kutoka 1,840, kushuka kwa dakika ya 20 ni 75%. Ukihesabu kutoka 2,310 ni 80%. Mgonjwa ni yuleyule, damu ni ileile, na kwa kigezo cha 80% hesabu ya kwanza inamfelisha, ya pili inamwacha mpakani kabisa.

Maabara sasa. Dakika 40 mnazipoteza kabla ya mashine. Tumia tyubu ya zambarau yenye EDTA (kemikali inayozuia damu isigande), si ya manjano yenye jeli. Ya manjano inahitaji kama nusu saa damu igande, na mgonjwa wa dayalisisi ambaye bado ana heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) mwilini atachelewa zaidi na kukuachia nyuzi za fibrini zinazoziba sindano ya mashine. EDTA unaweka kwenye sentrifyuji mara inapofika, dakika 5 inatosha kama mzunguko ni wa kasi. Tena PTH inatulia vizuri zaidi kwenye plazma ya EDTA kuliko kwenye seramu. Kwa watumiaji wa vipimo vya Elecsys vya Roche, kipimo cha kawaida huchukua dakika 18 ndani ya mashine, cha haraka dakika 9. Ni kitendanishi (dawa ya kupimia) tofauti, kwa hiyo kiagizwe mapema, na sampuli zote za mgonjwa, kuanzia ile ya kabla ya kukata, zipimwe kwa hichohicho. Endesha kontroli (sampuli ya majaribio yenye jibu linalojulikana) asubuhi kabla mgonjwa hajalazwa mezani. Kontroli ikifeli saa tano wakati shingo iko wazi, huna cha kuwaambia.

Tyubu iandikwe saa ya kuchukuliwa damu, si saa ya kufika. Nimeshaona majibu ya "dakika 10" ambayo kwa kweli ni dakika 3, na namba hiyo haina maana yoyote.

Mwisho, kila mashine ina kikomo cha juu. Kianzio kikija "zaidi ya 5,000", sampuli izimuliwe na kupimwa upya palepale, kwa sababu huwezi kupata asilimia ya kitu usichokijua.

---

Kisu_Shingoni

Nakubaliana na mengi ya hapo juu, ila kusubiri dakika 30 mikono imekunjwa si sawa. PTH inakwambia kwamba kuna kitu kimebaki. Haikwambii kiko wapi, na haiwezi kuchukua nafasi ya kuzitafuta tezi nne kwa macho. Kwa mgonjwa huyu hata ingeshuka 85%, tezi ya nne haijaonekana, kwa hiyo kazi haijaisha.

Tezi ya chini iliyopotea ina njia yake. Kwenye kiinitete, tezi ya chini na thaimasi (tezi ya kinga iliyo juu ya kifua) hutoka mfuko mmoja, wa tatu, zikashuka pamoja. Kwa hiyo ikikosekana, kwanza vuta pembe ya thaimasi ya upande huo kupitia jeraha lilelile la shingo, taratibu, ukibana na kuvuta kidogo kidogo hadi itoke. Kwa wagonjwa wa figo pembe zote mbili zinapaswa kutolewa hata kama tezi nne zimeonekana, maana huko ndiko hujificha tezi ya tano. Ikikosekana, angalia ncha ya chini ya thairoidi yenyewe (inaweza kuwa imezikwa ndani), kisha ala ya ateri ya karotidi. Ingekuwa ya juu iliyopotea, ningekuelekeza nyuma ya umio, kwenye mfereji kati ya umio na bomba la hewa. Watu hupoteza saa nzima wakitafuta ya chini mahali pa ya juu.

Kitu kimoja ambacho maabara yetu inaweza kutusaidia nacho zaidi ya sampuli za damu: ukipata kinundu usichokijua, kama ni tezi, mafuta au tezi ya limfu, ukishakitoa kichome kwa sindano nyembamba, suuza sindano kwa ml 1 ya maji ya chumvi, peleka ipimwe PTH. Tezi ya parathairoidi itatoa maelfu, mara nyingi zaidi ya kikomo cha mashine. Limfu na mafuta havitatoa kitu. Ni haraka kuliko kusubiri patholojia ya tishu iliyogandishwa pale ambapo haipo. Lakini fanya hivyo nje ya mwili. Kuchoma au kupasua tezi ikiwa bado shingoni kunamwaga seli, na seli hizo huota vinundu vidogovidogo kila mahali. Upasuaji wa pili wa shingo ya namna hiyo sitaki kuuona.

Na kwa mtu anayeacha nusu tezi: itengeneze hiyo nusu mwanzo, kabla ya kutoa nyingine. Bakisha kipande cha ukubwa wa tezi ya kawaida, miligramu 50 hivi, kitie alama ya uzi usioyeyuka, kisha kiangalie rangi wakati unaendelea na nyingine. Kikiwa cheusi, bado una tezi tatu za kuchagulia. Ukikiacha cha mwisho kikafa, umemaliza akiba.

---

Zamu_ya_Usingizi

Hamjasema damu inatoka wapi, na hapo ndipo namba nyingi huharibikia.

Usichukue kwenye katheta iliyo kwenye vena kubwa ya shingo. Damu ya tezi inamwagika humo jirani tu, kwa hiyo utasoma juu kuliko mwilini, na kushuka kutaonekana kwa kuchelewa. Kanula ya ateri au vena ya mbali, na iwe mahali pamoja kuanzia sampuli ya kwanza hadi ya mwisho. Mkono wenye fistula (ateri na vena zilizounganishwa kwa ajili ya dayalisisi) haufungwi, hauchomwi, haupimwi presha, hata kama ndio wenye mishipa mizuri. Bandika plasta yenye maandishi makubwa kwenye mkono huo kabla ya kufunika shuka, kwa sababu mikono ikishafungwa pembeni hakuna anayeikumbuka.

Kama kanula ina dripu, simamisha dripu, vuta ml 5 hadi 10 utupe au uzirudishe baadaye, ndipo uchukue sampuli. Sampuli iliyochanganyika na maji ya dripu inashusha PTH kwa namna inayofanana kabisa na mafanikio ya upasuaji. Njia rahisi ya kuigundua: omba hemoglobini kwenye tyubu hiyohiyo ya zambarau. Ikiwa imeanguka kutoka 10 hadi 6 ndani ya dakika 10 na hakuna damu iliyomwagika, hiyo ni dripu.

Na damu iliyovutwa kwa nguvu kupitia sindano ndogo ikapasuka, usiipeleke. Baadhi ya vipimo husoma PTH chini pale chembe nyekundu zinapopasuka.

---

Sampuli_Zambarau

Asanteni sana wakuu. Hoja ya hesabu ya robo sikuwa nimeifikiria kabisa. Ya dakika 30 imekuja 431. Wanavuta thaimasi sasa.

Swali la nyongeza: vitendanishi vya haraka vimebaki vichache, kwa hiyo sampuli ya kesho asubuhi inaweza kwenda maabara ya nje. Kuna tatizo? Na kalsiamu ya kesho naweza kuitoa kwenye tyubu hiyohiyo ya zambarau?

---

Benchi_ya_Biokemia

431 imegota. Kutoka 468 ni 8% tu.

Kalsiamu kwenye zambarau, hapana. EDTA inafanya kazi kwa kuishika kalsiamu, kwa hiyo utapata karibu sifuri, na potasiamu itapanda hadi namba za kutisha kwa sababu chumvi iliyomo ni ya potasiamu. Chukua tyubu ya kalsiamu kwanza, ya zambarau mwisho. Hata tone la EDTA lililohamia linatosha kuishusha kalsiamu, na kwa mgonjwa aliyetoka kuondolewa tezi kila mtu ataamini.

Maabara ya nje, angalia vitu viwili. Kwanza kizazi na aina ya kipimo: kama ni tofauti na chenu, hizo namba si mnyororo mmoja. Pili, na hili ni la hatari, kizio cha namba. Maabara nyingine hutoa pmol/L. Kupata pg/ml unazidisha kwa 9.43. Jibu la "50" likisomwa haraka linaonekana ni ushindi, kumbe ni 50 pmol/L, yaani 471 pg/ml, tezi nzima bado iko ndani. Andika kizio kwenye faili kila mara, usiandike namba tupu.

Ulizeni pia kama mgonjwa anameza vidonge vya nywele na kucha. Vina bayotini mikrogramu 5,000 hadi 10,000, na vipimo vinavyotumia bayotini na streptavidini (protini inayoishika bayotini) husoma PTH chini ya ukweli. Figo ndizo huitoa, kwa hiyo kwa mgonjwa wa dayalisisi inakaa: iachwe siku kadhaa kabla. Vitamini B za dayalisisi zina kiasi kidogo, hizo si za kuhofia sana. Vitendanishi vipya vinavumilia zaidi, soma karatasi iliyomo kwenye boksi.

---

Figo_na_Fosfeti

Naongezea ya kesho yake. Wajapani, ambao wamefanya upasuaji huu kwa wingi, huchukulia PTH ya 60 pg/ml au chini siku ya kwanza kuwa dalili kwamba tezi zote zimefikiwa. Hospitali isiyo na kipimo cha haraka thieta inaweza kutumia hiyo pamoja na macho ya mpasuaji. Ni bora kuliko kupima dakika ya 10 vibaya. Ila msilinganishe na lengo la kawaida la dayalisisi, ambalo KDIGO (shirika la kimataifa la miongozo ya figo) imeliweka kati ya mara 2 na mara 9 za kikomo cha juu. Hilo ni la kliniki, si la thieta. Kwa kikomo cha 65 ni 130 hadi 585, kwa hiyo 468 ya mgonjwa huyu ingeitwa "ndani ya lengo" kliniki huku tezi nzima ikiwa imeachwa kifuani.

Sinakalseti (kidonge cha kutuliza tezi za parathairoidi) nayo inashusha PTH kwa saa kadhaa baada ya kumezwa. Kianzio kichukuliwe angalau saa 12 baada ya kidonge.

PTH ikianguka kweli, jiandae na mifupa yenye njaa. Mifupa iliyokuwa inanyonywa miaka yote inageuka na kumeza kalsiamu, na ALP (kimeng'enya cha mifupa kwenye damu) iliyo juu sana kabla ya upasuaji ndiyo onyo. Pima kalsiamu ya ayoni kila saa 4 hadi 6 kwa siku mbili tatu za kwanza. Ikishuka chini ya 0.9 mmol/L, au kalsiamu ya jumla iliyosahihishwa ikiwa chini ya 1.8, anza glukoneti ya kalsiamu kwa miligramu 1 hadi 2 za kalsiamu halisi kwa kilo kwa saa. Ampuli ya ml 10 ya 10% ina miligramu 90 hivi. Mtu wa kilo 60 anaanzia miligramu 60 kwa saa: ampuli 10 ndani ya lita moja, ml 67 kwa saa. Lakini hiyo ni lita 1.6 kwa siku kwa mtu asiyekojoa, mapafu yatajaa. Ndiyo maana kwa wagonjwa hawa tunapenda katheta ya vena kubwa na pampu ya sindano, bila kuzimua, ml 6.7 kwa saa. Kwenye kanula ndogo ya mkononi ikivuja inaozesha ngozi. Na ampuli ya kloridi ya kalsiamu ya ukubwa uleule ina kalsiamu mara tatu. Boksi zinafanana, soma jina.

Akianza kula, kabonati ya kalsiamu gramu 1 hadi 2 mara tatu kwa siku, na kalsitrioli (vitamini D iliyo tayari kufanya kazi) hadi mikrogramu 2 kwa siku. Dawa za kushusha fosfeti zipunguzwe au zisimamishwe, kwa kuwa fosfeti nayo inaanguka. Potasiamu inaweza kupanda baada ya upasuaji, kwa hiyo dayalisisi ifanyike siku moja kabla, na inayofuata isicheleweshwe: bila heparini, na maji ya dayalisisi yenye kalsiamu 1.75 mmol/L kama yapo.

---

Kisu_Shingoni

Wakiamua kupandikiza vipande vya tezi mkononi, viingie kwenye mkono usio na fistula, na iandikwe kwenye faili ni upi.

---

Sampuli_Zambarau

Hapo mmenichanganya kidogo. Mkono mmoja una fistula, hauchomwi. Mwingine una vipande vilivyopandikizwa. Sampuli za kila mwezi tuchukue wapi?

---

Figo_na_Fosfeti

Kwenye sindano ya fistula yenyewe, mwanzoni mwa dayalisisi, kabla ya heparini na kabla ya kuunganisha mashine. Hiyo ni damu ya mwili mzima. Ukichukua kwenye vena iliyo juu ya vipande utapata namba kubwa ya uongo na utamtisha mgonjwa bure.

Ila ikitokea PTH imepanda tena baada ya mwaka mmoja au miwili, ndipo mnahitaji mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Mkono wenye vipande ukiwa zaidi ya mara 1.5 ya ule mwingine, vipande vinafanya kazi. Kujua kama ndivyo vyanzo vya tatizo, funga mkono huo kwa kifaa cha presha juu ya presha ya juu ya mgonjwa, damu isiingie wala kutoka, kisha pima upande wa fistula kabla na wakati umefungwa. Ikishuka zaidi ya 50%, chanzo ni mkononi na kinatolewa kwa ganzi ya kawaida. Ikishuka chini ya 20%, rudini shingoni au kifuani.